Majani ya Ndani ya Uzio

Baba yangu aliwahi kuwafukuza ng'ombe wake mwenyewe kwa mawe, wakiwa na njaa, ili majani yapendeze mbele ya wageni. Nikisimulia jambo hili kwenye chumba cha walimu, wenzangu hucheka, na mimi hucheka nao, halafu nabaki sijui nilikuwa nacheka nini. Ngoja nieleze tangu mwanzo. Asiyekulia kwetu hataelewa, na mimi niliyekulia hapa pia sina hakika kama ninaelewa.

Kwetu ni pembezoni mwa Bariadi, upande ambao zamani ukitoka mjini kwa baiskeli ulifika umelowa jasho, na siku hizi unafika kwa bodaboda hata hujamaliza kuongea na simu. Baba alikuwa na ngitili. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zikianza. Likishafungwa hakuna kuingiza mfugo, hakuna kukata majani, hakuna hata kupitisha ndama kwa njia ya mkato. Majani yanaachwa yakue, yakomae, yakauke yakiwa yamesimama, mpaka kiangazi kikaze na kwingine kote kubaki vumbi tupu. Hapo mwenye ngitili anataja siku, na ngitili inafunguliwa. Yetu haikuwa na waya wala ukuta. Upande mmoja kulikuwa na ua wa minyaa, na pande nyingine zote ilikuwa adabu tu, kwa sababu aliyeingiza ng'ombe kabla ya siku aliitwa kwenye kikao cha kijiji na hakutoka huko akicheka.

Siku ya kufungua ilikuwa na utaratibu wake. Wa kwanza kuingia hawakuwa ng'ombe wetu. Tulikuwa na jirani mjane, ambaye sote tulimwita mayu, kama Wasukuma wanavyomwita mama yeyote wa kuheshimiwa. Mayu alikuwa na ng'ombe mmoja tu wa maziwa, na huyo ndiye aliyetangulia. Wakafuata wa majirani waliokuja kuomba, na mwishoni kabisa wetu. Nilipokuwa mdogo utaratibu huo ulinikera. Nilimuuliza baba kwa nini sisi wenye majani tuingie mwisho kama wageni waliochelewa harusini.

"Mwenye ng'ombe mmoja, huyo mmoja akifa amekwisha," aliniambia. "Sisi akifa mmoja tunakula nyama."

Baba hakuwa mpole kiasi hicho, msije mkadanganyika. Alikuwa mbishi, mwepesi wa kugomba, na alipenda sana kuombwa. Wiki mbili tatu kabla ya kufungua, watu walianza kuja asubuhi, mmoja mmoja, kusalimia tu. "Mwangaluka, baba." Walikaa, walizungumzia mvua, walizungumzia bei ya pamba, na baba alijifanya hajui walichokifuata. Msimu huo alitembea akiwa mrefu zaidi.

Habari za eneo la viwanda zilipokuja nilikuwa tayari mwalimu wa shule ya msingi mjini, na nilifurahi, siwezi kudanganya. Nilikuwa nimeshawafundisha watoto faida za viwanda mara nyingi: ajira, soko la mazao, huduma za jamii, kukua kwa miji. Niliona sasa zile faida zimetoka kwenye ubao na zinakuja kwetu kwa miguu. Kwenye mkutano tuliambiwa kwamba wataalamu watapita kuangalia kila mtu anaitumiaje ardhi yake, ili watakaopisha walipwe kwa haki. Baba alisikiliza vizuri kabisa. Alirudi nyumbani akatangaza kwamba wageni wanakuja kuangalia ngitili yake, na kwamba haitafunguliwa mpaka waione.

Mwaka huo mvua zilikuwa zimekatika mapema. Ng'ombe mbavu zilianza kuhesabika. Kwa kawaida ngitili ingekuwa imeshafunguliwa, na ng'ombe, ambao wanajua majira kuliko redio, walianza kwenda wenyewe mpakani na kusimama pale wakinusa. Ndipo baba alipookota mawe. Mayu alikuja kuomba japo mzigo mmoja wa majani, akaambiwa asubiri wageni. Majirani walinuna. Nilimwambia baba afungue, akaniuliza kama mimi nikisikia mkaguzi anakuja shuleni huwa naacha darasa bila kufagiliwa. Na kweli huwa tunafagia mpaka chini ya kabati.

Jirani mwingine, wa ng'ambo ya njia, alifanya kinyume. Aliingia kwenye ngitili yake na jembe la ng'ombe, akaisambaratisha yote, akapanda miche ya miembe kwenye udongo mkavu na kusimamisha kibanda cha tope ambacho hata kuku walikikataa. Baba alimpita bila kumsalimia. Alisema mtu yule amepata kichaa.

Wataalamu walikuja wawili, mwanamke aliyevaa kofia pana na kijana aliyeshika kifaa cha kupimia. Walikuwa watu wa heshima. Walimwamkia baba shikamoo, wakavua miwani. Baba aliwapeleka mpaka katikati ya ngitili, majani yakiwafika kiunoni, ya dhahabu, yamesimama sawasawa. Nilikuwepo. Kwa kweli sijawahi kuiona ngitili ile imependeza vile.

"Mzee, hapa hujaendeleza chochote?" yule mwanamke aliuliza.

"Nimelinda," baba alisema.

"Umelinda nini?"

"Majani."

Walitazamana. Nilizikagua nyuso zao nitafute dharau, ili nipate mahali pa kuweka hasira yangu, na sikuiona. Yule mwanamke alieleza taratibu kabisa kwamba nyumba zinahesabiwa, miti ya kupandwa inahesabiwa, mazao yanahesabiwa, na pori lina kiwango chake. Kijana alizunguka na kifaa chake akarudi na mbegu za majani zimemganda kwenye suruali. Waliaga vizuri. Walipoondoka baba alibaki amesimama palepale, na baadaye aliniuliza mara mbili kama nilikuwa na uhakika kwamba watu wale walikuwa wanaona.

Basi, yule wa miche ya miembe akalipwa vizuri, akahamia Lagangabilili na kufungua duka. Baba akalipwa kwa pori. Ningependa kusema tulionewa, lakini kila nikijaribu kumtaja aliyetuonea napotea njia. Wataalamu walikuja kutafuta kitu kilichofanywa na mtu. Baba alikuwa amefanya kazi kubwa kuliko wote pale kijijini, lakini kazi yenyewe ilikuwa ya kutogusa. Ungeipima kwa kifaa gani? Na ningekuwa mimi na ile kofia pana, mgeni niliyetoka mbali, ningeandika nini? Nimejiuliza hivyo mpaka nimechoka kujiuliza.

Kiwanda kikajengwa, cha kukamua mafuta ya mbegu za pamba. Walizungusha uzio wa waya eneo lote, lakini majengo yalichukua kona moja tu. Sehemu iliyobaki, ambayo ndiyo ngitili yenyewe, iliachwa kwa ajili ya upanuzi wa baadaye.

Hapo ndipo akili yangu ilipoanza kuvurugika sawasawa, kwa sababu mambo mazuri yalikuja kweli. Umeme ulifika. Barabara ilichongwa. Mdogo wangu wa kiume, ambaye miaka mingi kazi yake ilikuwa kuzunguka kwenye meza za puli na kuniomba vocha, aliajiriwa kuwa mlinzi wa getini. Akavaa buti, akaoa, akaacha pombe siku za kazi. Mimi nilikuwa na kiwanja karibu na barabara, nikajenga vyumba vya kupangisha, na wapangaji wangu wote ni wafanyakazi wa kiwanda. Binti mmoja niliyemfundisha, aliyekuwa na akili kuliko darasa lake lote, aliacha shule akawa anauza chapati nje ya geti. Nilikwenda kumgombeza. Alinipokea kwa furaha, akanikalisha, akanipa chapati na chai, akaniambia anamsomesha mdogo wake. Chapati zake ni nzuri. Nilizila nikiwa na hasira, na kesho yake nikarudi.

Jambo la kushangaza zaidi ni mashudu. Mbegu ikishakamuliwa mafuta, yale makapi yake ndiyo mashudu, na hakuna chakula cha ng'ombe kinachoyashinda wakati wa kiangazi. Mdogo wangu alianza kumletea baba gunia kwa mshahara wake. Ng'ombe waliokosa majani wakanenepa kwa makapi ya kiwanda kilichokalia majani hayo. Maziwa yakaongezeka. Baba alikunywa akanung'unika kwamba yananuka mashine. Nilionja, yalikuwa maziwa tu. Nilimwambia, akanijibu kwamba mji umeniharibu ulimi.

Lakini uhondo wa mashudu haukudumu. Wanunuzi wa malori walikuja kutoka mikoa ya mbali, wakawa wanachukua yote kwa jumla, hata kabla hayajapoa. Mtu wa gunia moja alibaki anapangwa foleni na kurudi na gunia lake tupu mkononi. Kiangazi cha pili cha namna hiyo kilikuwa kikali. Ng'ombe wa baba walirudi kuwa mifupa, na baba akatuita mimi na mdogo wangu, akasema kwamba malisho yasipopatikana kabla mwezi haujaisha atawapeleka kwa dada yake Ipililo, kule Maswa. Alisema kwa sauti ya kawaida. Lakini sote tulijua kwamba kwa umri wake, ng'ombe wakienda Ipililo hawarudi. Naye baba bila zizi asubuhi angeamka kufanya nini? Nilimkaribisha akae kwangu mjini. Aliniuliza akifika huko atakuwa anamlinda nani, wapangaji?

Wakati huohuo, ndani ya uzio, majani yalikuwa yamerudi. Hakuna mfugo uliokuwa umekanyaga pale misimu kadhaa. Yalisimama marefu, mazito, ya dhahabu, kuliko hata siku ile ya wageni. Kila asubuhi baba alipita kando ya waya akiyatazama. Mimi nilidhani anaumia. Kumbe alikuwa anawasifu wenye uzio.

"Hawa watu wanajua kulinda," alimwambia mdogo wangu. "Wanafungua lini?"

Mdogo wangu alicheka, kisha akaona baba hatanii. "Hawafungui, baba. Si ngitili ile. Ni kiwanja chao."

"Majani hayafungwi tu bila siku ya kufungua. Labda hakuna aliyekwenda kuwaomba."

Tulibishana naye siku nzima. Nilimweleza hatimiliki, nikamweleza upanuzi. Alinisikiliza kama ninavyowasikiliza wanafunzi waliokariri. Kwake yeye mtu anayefunga majani na asiyafungue hajawahi kuzaliwa, kwa hiyo waliomo ndani ya uzio lazima walikuwa wanasubiri kuombwa, kama yeye alivyokuwa akisubiri. Na kusema kweli, kadiri nilivyobishana ndivyo nilivyoanza kuona kwamba mimi ndiye ninayesema jambo la ajabu.

Akaenda kuomba. Alikwenda asubuhi, bila fimbo, amevaa koti lake la misibani, jogoo kwapani, na mimi nikiwa nyuma yake kwa sababu Kiswahili cha ofisini alisema kinamkwaruza koo. Meneja alikuwa kijana, mtu wa mbali, asiyejua neno la Kisukuma zaidi ya kusalimia. Alimpa baba kiti chake mwenyewe. Alisikiliza habari yote ya ngitili, tangu minyaa mpaka mawe, na kwa mara ya kwanza niliona mtu wa ofisi ameguswa. Alisema majani yale yanampa wasiwasi wa moto na alikuwa mbioni kutafuta watu wa kufyeka. Kwa nini ng'ombe wasiyale?

"Jumamosi asubuhi, mashine zikiwa zimezimwa," alisema. "Ila ng'ombe wa mzee tu. Wengine hapana, siwezi."

Nilimweleza baba kwa Kisukuma, pole pole, wako tu, wengine hapana. Alielewa, niliona ameelewa. Aliinuka, akampa meneja mkono wa kulia akiushikilia kwa wa kushoto. "Wabeja," akasema, asante sana. Jogoo akabaki ofisini anatembea juu ya karatasi. Nilirudi kwangu nikiwa mwepesi, naimba, nikajiona mimi ni binti aliyeokoa zizi la baba yake.

Jumamosi nilifika mapema getini. Vumbi nililiona kabla ya ng'ombe. Walikuja wa kwetu na wa majirani wote, wa waliokuwa wamenuna mwaka ule na wa waliokuwa wamesahau njia ya kwetu. Mbele kabisa alikuwa mayu, amezeeka sasa, na ng'ombe wake mmoja, mweusi mwenye baka jeupe tumboni. Wiki ile watu walikuwa wamekwenda kwa baba asubuhi, mmoja mmoja, kusalimia. Hakuna aliyeniambia. Baba alitembea pembeni ya kundi na mwendo wake ulikuwa ule wa zamani.

Meneja alitoka ndani, mikono kichwani. "Mzee wangu, tulikubaliana wa kwako."

"Hawa ndio wanaoingia," baba alisema kwa Kiswahili chake.

"Wote hawa ni wa kwako?"

"Si wangu. Ndio wanaoingia."

Meneja alieleza mambo ya mabomba, nyaya, bima, wakubwa wake wakisikia. Hakuwa mkali. Karibu abembeleze. "Nitolee wa kwako hao, mzee, waingie sasa hivi, washibe. Wengine warudi. Nakuomba."

Mdogo wangu alikuwa ameshika geti kwa mikono miwili, sare imenyooshwa, anatazama buti zake. Nilimsogelea baba nikamwambia kwa Kisukuma, baba, ingiza wetu, wanakufa, majirani wataelewa. Nilikuwa na hasira naye. Nilikuwa pia naona fahari, kwa wakati uleule. Baba alilitazama kundi, kisha majani, kisha akamwambia meneja jambo ambalo meneja aliniomba nilirudie.

"Basi aingie wa mayu. Mmoja tu. Wangu watarudi na wenzao."

Meneja alijikuna. Mmoja, alisema, mmoja hana shida.

Mayu aliogopa kuvuka geti, akanipa mimi fimbo. Mdogo wangu akafungua kidogo, upana wa ng'ombe, nami nikamwingiza, meneja akitufuata. Tulimpeleka mpaka penye majani marefu, yakamfika tumboni. Akachota domo moja. Akatafuna. Kisha akainua kichwa, akageuka, akalia.

Nje ng'ombe wengine wakamjibu. Akaacha majani akaenda mpaka kwenye waya, akasimama hapo, anatazama wenzake, analia. Nilimrudisha. Akarudi kwenye waya. Nilikata majani kwa mkono nikampelekea mdomoni, akayaacha yakaanguka. Mbavu zote zile, na majani yote yale.

"Anaumwa?" meneja aliniuliza.

"Hapana," nikasema. "Yuko peke yake."

Meneja alikuwa na sura ya mtu aliyepewa hesabu ya darasa lingine, na nadhani hata mimi nilikuwa nayo. Nje mayu aliita kwa sauti nyembamba kwamba tumtoe, tafadhali, tumtoe tu. Mdogo wangu akafungua, ng'ombe akatoka mbio akapotea katikati ya kundi, na kelele zikaisha mara moja.

Hakuna aliyecheka. Baba aliwaambia vijana wa kuchunga kwamba kesho alfajiri wa kwetu wanakwenda Ipililo. Mdogo wangu alikuwa bado ameshikilia geti wazi, uso umelowa, hata hakujifuta.

"Baba," alimwita. "Nifanyeje?"

Baba alirudi hatua chache, akamtengenezea kola ya sare.

"Funga, mwanangu. Ndiyo kazi yako."

Akafunga. Akavuta komeo, akalitikisa kuona kama limeshika. Ng'ombe walikuwa wameshageukia njia ya nyumbani na watu wao, baba nyuma yao wote, na hakuna aliyetazama nyuma kuhakiki nani amebaki. Mimi nilikuwa bado upande wa ndani, nimesimama na meneja, fimbo ya mayu mkononi.